UDUGU NI KUFAANA, SI KUFANANA

Wahenga wetu wa pwani wamenena kuwa udugu ni kufaana, si kufanana. Neno hili twalisema mara nyingi, walakini ni nadra kulipima. Kufanana ni jambo jepesi: pua ya huyu ni ya yule, na mwendo wa mjukuu ni mwendo wa babu yake. Kufaana ndiko kugumu. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, wazee kwa vijana, habari ya Idi moja ya jamaa zetu wa Kibaha na Kisarawe. Atakaye kucheka na acheke, kwani yapo ya kuchekesha. Lakini ndani ya kicheko kile palikuwa na haki ya mtu iliyolazwa miaka mingi.

Asili yetu ni Kisarawe, katika vilima vilivyo nyuma ya Pugu, nchi ya Wazaramo, yenye minazi, mihogo na mikorosho. Upande wa pili wa jamaa uko Kibaha, kwenye barabara kuu iendayo Morogoro. Mahali hapo palianza kuvuta watu tangu mwaka 1963, ulipoanzishwa mradi wa elimu, afya na kilimo kwa msaada wa nchi za kaskazini ya Ulaya, ambao mwaka 1970 ulikabidhiwa serikali yetu ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Baba yetu mkubwa alihamia Kibaha katika siku hizo, naye ni kijana wa kutafuta riziki, na baada yake akafuata marehemu baba. Shangazi alibaki Kisarawe, na baadaye akabaki na kaburi la babu na shamba lake.

Desturi yetu ni kukutana Kisarawe kila Idi ya Fitri. Lakini mwaka 2025 mwezi ulitugawa mafungu matatu. Binamu yetu hufuata mwezi popote uonekanapo duniani, basi yeye alisali Idi Jumapili, tarehe 30 Machi. Wengi wetu tulifuata mwandamo uliotangazwa nchini, tukasali Jumatatu. Na babu mdogo, ambaye ni mdogo wa marehemu babu, haamini mwezi asiouona kwa macho yake mwenyewe. Jioni ya Jumapili alipanda kichuguu nyuma ya nyumba, akatazama magharibi, akaona mawingu ya masika matupu. Akateremka, akakamilisha thelathini. Mzee huyu haamini hata saa ya ukutani mpaka atazame kwanza kivuli chake uani. Hitilafu hii ya miandamo ni ya tangu zamani baina ya wanavyuoni, wala si sababu ya ndugu kununiana. Basi tukaafikiana tukutane Jumanne, siku ambayo hata babu mdogo angekuwa anakula.

Tukatoka Kibaha asubuhi kwa gari la kukodi, tukapita Kiluvya, njia ikiwa na utelezi. Juu ya gari palifungwa kiti cha baba mkubwa, kwani yeye hakalii kiti cha mtu, husema viti vya Kisarawe vyote vimeinama upande. Mkononi alishika kikombe chake cha bati na mizani ya kuning'iniza. Mchele ukinunuliwa huupima. Nyama ikiletwa huipima. Na mwuza duka aliyepunja robo kilo humrudia hata kama ni mwendo wa saa nzima. Sisi tulimsifu kwa hayo, tukawaambia watoto wetu: tazameni mtu anayechunga kipimo.

Shangazi naye ana lake. Katika shamba la babu mna mikorosho 60, na baadhi ya miti hiyo ameifunga vitambaa vya kanga kuukuu shinani. Kitambaa kikioza hufunga kingine. Kila alfajiri huipitia miti hiyo mmoja mmoja, akaigusa na kuisalimu, kisha akarudi nyumbani. Tulipokuwa wadogo tulimfuata nyuma tukimwigiza. Tulipokuwa wakubwa tuliacha kumwigiza, lakini tulisema baina yetu kwamba ni uzee, au ni upweke. Hakuna aliyemwuliza.

Siku ile joto lilikuwa la kukata pumzi mpaka adhuhuri, kisha mvua ikashuka ghafula. Watu wote, wakubwa kwa wadogo, tukabanana barazani. Palikuwa na wali wa nazi, kuku wa kienyeji, na bada kwa kisamvu kwa wale wasemao kuwa wali si chakula. Babu mdogo, kama ilivyo ada ya babu na wajukuu, aliwatania watoto wee, akawaposa mabinti wote mmoja baada ya mwingine. Kisha akataka kujua madrasa yamewafunza nini. Akasema:

"Haya, maalim wadogo. Mtu amekufa, mkewe alitangulia kufa, wazazi wake pia. Ameacha wana wawili wa kiume na binti mmoja. Mali yake ni mikorosho 60. Gawanyeni."

Binti yetu mwenye miaka 11 akahesabu kwa vidole. Akasema: "Kila mwanamume mafungu mawili, na mwanamke fungu moja. Jumla mafungu matano. Kila fungu ni miti 12. Basi hawa wanaume wapate 24 na 24, na binti apate 12."

Babu mdogo akampa heko. Mtoto akatulia kidogo, kisha akageuka akasema kwa sauti kubwa: "Bibi! Miti yako yenye vitambaa si ni 12? Mimi niliihesabu asubuhi!"

Hapo hapakusikika kitu ila mvua juu ya bati.

Enyi wasomaji, hatuwezi kuwaficha: aibu ilitushika sisi kuliko mtoto. Babu alipofariki, baba mkubwa alichuma korosho zote, akagawana na baba yetu. Shangazi hakupewa kitu, kwa hoja ile ijulikanayo, kwamba mwanamke ameolewa na atakula kwa mumewe. Sehemu ya ada zetu za shule ilitoka katika miti ile. Tuliomcheka kwa vitambaa vyake tulikuwa tumesoma kwa fungu lake.

Baba mkubwa aliitazama mizani yake iliyoning'inia msumarini. Baada ya muda akasema, "Dada, mimi nilidhani umesamehe, maana hukusema."

Shangazi akamjibu kwa upole, "Kaka, hukuniuliza. Kunyamaza kwangu nilikunyamazia undugu. Miti sikuisamehe."

Tena akasema, "Nami nasikia siku hizi wanunuzi wa viwanja wamefika mpaka huku. Shamba likiuzwa, vitambaa vyangu vitakwenda na miti. Andikeni leo, kisha tule."

Wali ukafunikwa, ikatafutwa karatasi. Baba mkubwa aliandika kwa mkono wake kwamba miti 12, pamoja na ardhi iliyo chini yake, ni fungu la dada yake. Alipotakiwa babu mdogo atie sahihi ya ushahidi, alikataa. "Mimi sishuhudii nisichokiona," akasema. Basi tukatoka sote katika manyunyu na matope, wazee watatu chini ya mwavuli mmoja, tukahesabu mti kwa mti mpaka wa 12. Ndipo mzee akarudi akatia sahihi.

Baba mkubwa akaomba radhi kwa mavuno ya miaka iliyopita. Shangazi hakumjibu siku ile; alisema atafikiri. Idi Kubwa ilipofika, mwezi wa Juni, baba mkubwa alikuja Kisarawe na viti viwili juu ya gari, kimoja chake na kimoja cha dada yake. Shangazi akakalia, akasema kiti ni kizuri. Nusu ya deni amesamehe, na nusu atalipwa kidogo kidogo kila msimu wa korosho. Malipo ya kwanza yamekwisha kufika, tena yamepimwa kwa mizani ileile.

Twataka vijana wetu walizingatie jambo hili. Katika Sura ya Nisaa Mwenyezi Mungu amewawekea wanawake fungu katika walichoacha wazazi, kiwe kidogo au kingi, na mafungu hayo ni faradhi, si hisani ya kaka. Sheria za ardhi za nchi yetu za mwaka 1999 nazo zimetamka kuwa mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Mahali penye dini na sheria pamoja, udhuru wa kusema "mila yetu ndiyo hiyo" umekwisha.

Tena msimcheke upesi jamaa mwenye tabia ngeni. Katika kila nyumba yumo mmoja: anayehesabu, anayebeba kiti, anayepanda kichuguu. Pengine ni tabia tu, na haina dhara. Pengine ni neno ambalo mtu ameshindwa kulisema, akalifunga kitambaa. Idi ijayo mkikutana, kaeni karibu naye, mwulizeni. Na mirathi iliyolala na igawanywe wangali hai wanaoijua mipaka yake, kwani kuunga udugu hakutimii kwa wali na kuku, huku fungu la mmoja limo katika mfuko wa mwingine.

Mwenyezi Mungu azitengeneze nyumba zetu. Amin.