Lutumba Simaro, mtu wa akompanyema

Katika kila orkestra kuna watu wawili ambao wote wanawajua. Mmoja ni yule anayeimba mbele ya mikro. Wa pili ni yule wa solo, ambaye vidole vyake vinakimbia juu ya nyuzi mpaka watu wanasahau kucheza na wanabaki kumwangalia tu. Leo tunataka kuwaelezea juu ya mtu wa tatu. Anasimama kando kidogo, mkono wake unafanya jambo lile lile toka mwanzo wa wimbo mpaka mwisho, na sebene ikiingia na watu wakianza kupiga makelele, makelele yale si yake. Ni mpiga gitare ya akompanyema.

Kwa mfano tumechagua Lutumba Simaro, aliyepiga gitare hiyo katika OK Jazz ya Franco kwa zaidi ya miaka 30. Tumemchagua kwa sababu hata hapa Kibati watu wanaimba nyimbo zake wakifua nguo na wakipanda mlima na bidoni za maji, lakini ukiwauliza ni za nani, watakujibu: « Si ni ya Franco? » ao « Ni ya Mangwana. » Hapana. Ni za yule mtu wa kando.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi wanafikiri ni kazi ya mtu asiyejua solo. Katika muziki wetu wa Kongo gitare zinagawana kazi kama watu wa nyumba moja. Basi inakaa chini, inashika miguu ya wachezaji. Solo inakaa juu, inaongea na kujibu waimbaji. Katikati ya solo na akompanyema wakati mwingine kuna mi-solo, ambayo ni kama mkalimani: inachukua kidogo huku na kidogo kule. Akompanyema inashika akordi karibu na kichwa cha gitare. Haipigi nyuzi zote pamoja kwa nguvu kama tunavyofanya sisi tukiwa na gitare ya mbao ya kuazima. Inavunja akordi, uzi mmoja mmoja, kwa mpango ambao unazunguka na kurudi, unazunguka na kurudi. Wimbo mzima unajengwa juu ya mzunguko huo.

Sasa fikirini mambo yanayomsumbua mtu huyo. Mwimbaji anaweza kuvuta neno moja kuliko walivyokubaliana kwenye repetisyo. Akompanyema lazima imngojee pasipo kusimama. Mpiga ngoma akipata joto na kuanza kukimbia, ni akompanyema na basi zinazomrudisha. Wimbo ukifika kwenye sebene, mtu wa solo anaanza kutafuta njia mpya, anapanda, anashuka, anarudilia, na anaweza kufanya hivyo dakika tano kwa sababu tu kuna mtu nyuma yake asiyeondoka mahali pake. Solo ikikosa noti moja, wasikilizaji wanafikiri ni mapambo. Akompanyema ikikosa, hata mtu aliyekuwa anacheza anasimama na kuangalia jukwaa.

Kwa habari ya muda, mjue kwamba hapo zamani diski ndogo za 45 zilikuwa na dakika chache tu kila upande, na mara nyingi wimbo ulikatwa mara mbili: maneno upande wa kwanza, sebene upande wa pili. Diski kubwa zilipozoeleka, wimbo mmoja wa OK Jazz ulifikia dakika 10 na kupita. Dakika 10 za kuzungusha kitu kimoja bila kuchoka na bila kuharakisha! Jaribuni kwa saa ya ukutani, mtaona.

Simaro alizaliwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, tarehe 19 Machi 1938. Franco alizaliwa Sona-Bata tarehe 6 Julai mwaka ule ule. Kwa hiyo Simaro alikuwa mkubwa wa shefu wake kwa miezi mitatu na nusu. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini kwetu, ambapo mkubwa ananawa mikono kwanza, si dogo. Alianza katika orkestra ndogo, Micra Jazz, halafu Congo Jazz, na mwaka 1961 akaingia OK Jazz. Orkestra hii ilikuwa na umri wa miaka mitano, maana ilianza mwaka 1956 katika OK Bar ya Léopoldville. Solo ilikuwa na mwenyewe tayari, na mwenyewe ni Franco. Simaro akashika akompanyema, na hakuiacha.

Wengine walikuja na kwenda. Ukihesabu wapiga solo na waimbaji waliopita OK Jazz, karatasi hii itajaa. Wengi waliondoka kwa sababu walitaka jina lao liandikwe kubwa mbele ya orkestra yao wenyewe, na hatuwalaumu, mtu ana haki ya kutafuta. Lakini Simaro alibaki. Alifika kuwa makamu wa Franco, na katika miaka ya 1980, Franco alipokuwa anakaa sana Ulaya, ni Simaro aliyeongoza kundi lililobaki Kinshasa.

Mtu atauliza: basi alikuwa tu mtu mpole, wa kutii? Hapa ndipo habari inakuwa tamu. Huyu mtu wa kando ndiye aliyeandika baadhi ya nyimbo zenye maneno mazito kuliko zote za OK Jazz, na kwa ajili ya maneno hayo watu wa Kinshasa walimpa jina la Mshairi, le Poète. Yeye mwenyewe hakuwa mwimbaji wa mbele. Alikuwa anaandika, halafu anatafuta sauti ya kufaa maneno yake, kama mshonaji anayekata nguo kwa kuangalia mabega ya atakayeivaa.

Mwaka 1972 Sam Mangwana aliingia OK Jazz. Kimuziki alikuwa amekulia upande wa Rochereau, mshindani mkubwa wa Franco, na wapenzi wa OK Jazz hawakumpokea wote kwa furaha. Simaro akampa « Ebale ya Zaïre », wimbo wa mtu ambaye mpenzi wake amechukuliwa na safari ya mtoni. (Kwa wadogo wetu: toka 1971 mpaka 1997 nchi na mto vyote viliitwa Zaïre, ndiyo maana jina la zamani limebaki ndani ya wimbo.) Mwaka 1974 akampa « Mabele ». Neno hilo kwa Kilingala ni udongo, na wimbo unaongea juu ya maisha, mapenzi na kifo. Watu wa Mashariki ambao Kilingala tulikisikia miaka mingi hasa kwa askari na kwa redio, tunafahamu nusu tu ya maneno, lakini hata nusu ile inatosha kumnyamazisha mtu. Mangwana akawa nyota. Wengi mpaka leo wanaita « Mabele » wimbo wa Mangwana, na sauti kweli ni yake. Udongo wenyewe ni wa Simaro.

Aliendelea hivyo hivyo. « Mbongo », yaani pesa, sauti ikawa ya Djo Mpoyi. « Maya » ya mwaka 1984, sauti ya Carlito Lassa. « Testament ya Bowule » ya mwaka 1986, sauti ya Malage de Lugendo. Kila mara kijana mwingine anasimama mbele, watu wanajifunza jina lake, na mwandishi yuko nyuma kidogo na gitare yake. Tulipowasikilizisha wenzetu wa kilasi nyimbo hizo, mmoja aliuliza: « Sasa yeye alikuwa anapataka nini? » Ni swali la haki. Jibu moja tunaloona ni hili: mtu wa solo anasikiliza nafasi ya kuingia yeye, lakini mtu wa akompanyema anasikiliza kila mtu, saa zote, kwa sababu bila hivyo kazi haiendi. Baada ya miaka 10 ya kusikiliza hivyo, anajua sauti gani inaweza kubeba huzuni na sauti gani inaweza kubeba mzaha. Tunaona ushairi wa Simaro na gitare ya Simaro vilitoka shule moja.

Wale wanaopenda roki ya Wazungu watatuambia kwamba huko pia yako. Kweli. Katika AC/DC, orkestra iliyoanza Sydney, Australia, mwaka 1973, kulikuwa ndugu wawili, Malcolm na Angus Young. Angus, mdogo, anapiga solo na anavaa kaptula na koti la mwanafunzi (walimu wetu wangependa kuona uniforme inaheshimiwa hivyo, lakini si kwa kurukaruka vile). Malcolm, mkubwa, alikuwa anasimama nyuma karibu na masanduku ya sauti, anapiga akordi zake kavu bila kutikisika, na nyimbo nyingi walitunga pamoja. Alikufa mwaka 2017. Tofauti ni kwamba gitare yake ilikuwa inapiga kwa nguvu na kuacha kimya katikati, na ile ya kwetu inazunguka kama maji. Lakini ukiondoa mmoja ao mwingine, nyumba inaanguka namna moja.

Turudi Kinshasa. Franco alikufa tarehe 12 Oktoba 1989 huko Namur, Ubelgiji, akiwa na miaka 51. Hapo ndipo ilionekana nani alikuwa ameshika nguzo. Orkestra yenye jina la mtu mmoja, na mtu huyo hayupo, kwa kawaida inavunjika kabla ya matanga kuisha. OK Jazz iliendelea chini ya Simaro kwa miaka minne. Halafu wanamuziki na familia ya marehemu wakakosa kupatana kwa habari ya mali, na mwishoni mwa 1993 wanamuziki wakarudisha vyombo. Tuseme wazi, ilikuwa jambo la kuumiza: watu waliokuwa wamepigia jina moja miaka 20 ao 30 wakatoka mikono mitupu, hata jina hawakuwa nalo tena. Simaro alikuwa na miaka 55. Angeweza kwenda kupumzika. Januari 1994 akaunda Bana OK, watoto wa OK, pamoja na wakubwa kama Josky Kiambukuta na Ndombe Opetum, na akaiongoza akiwa bado na gitare ile ile ya akompanyema. Hata sasa, akiwa shefu, hakujipa solo.

Alipofikisha miaka 80, Machi 2018, alitangaza kwamba anaacha jukwaa. Alikufa Paris tarehe 30 Machi 2019, na mwili wake ukarudishwa Kinshasa.

Tunaandika haya pia kwa sababu ya hali tunayoiona kwetu. Katika vikundi vya vijana, toka Kibati mpaka Goma, kukipatikana gitare mbili, wote wawili wanataka solo. Hata mtoto mwenye gitare ya bidoni na nyuzi za kebo ya freni ya baiskeli anatafuta kwanza kupiga zile noti za juu. Matokeo yake mnayasikia: watu wawili wanaongea kwa wakati mmoja, hakuna anayesikiliza, na baada ya wiki tatu kikundi kimekufa na kila mmoja anasema ni kosa la mwenzake.

Anayetaka kujaribu njia nyingine, afanye hivi. Achukue akordi tatu tu, do, fa na sol. Azivunje polepole, uzi mmoja mmoja, kwa mpango mmoja, na mwenzake apige makofi kwa kipimo kisichobadilika. Asiongeze kitu kwa dakika tano nzima. Mara ya kwanza vidole vitauma na kichwa kitasema « ongeza kidogo », asikubali. Akishaweza, mwenzake aache makofi na aanze kuimba, akivuta maneno apendavyo, na yeye wa gitare amfuate bila kupotea.

Halafu atafute « Mabele » katika simu ya mtu, aweke sikio karibu, na mara ya kwanza asifuate sauti ya Mangwana hata kidogo. Chini ya sauti, nyuma ya solo, kuna gitare inayozunguka. Aifuate hiyo peke yake mpaka wimbo uishe.