Mlango Uliofungwa Siku Moja

Kudai haki kuna adabu zake, na mfano wake tumeuona katika nchi ya mbali. Tarehe 18 Januari 2012, aliyefungua Wikipedia ya Kiingereza, hazina kubwa ya elimu iliyomo katika intaneti, alikuta ukurasa mweusi. Ilifungwa kwa saa 24, na walioifunga ni waandishi wake wenyewe, baada ya zaidi ya 1,800 kati yao kushauriana. Tovuti nyingine nyingi zikawaunga mkono, na Google ikaifunika alama yake kwa weusi.

Sababu ilikuwa miswada miwili iliyokuwa mbele ya Bunge la Marekani, iliyoitwa SOPA na PIPA. Makusudio yake ni kuzuia wizi wa filamu, nyimbo na vitabu katika tovuti za nchi za nje. Nasi twasema, makusudio hayo si mabaya. Jasho la mtu ni mali yake, na kula mali ya mtu bila ya ridhaa yake ni haramu, iwe mbuzi au kitabu. Lakini wapinzani walihofu kwamba tovuti nzima ingekatiwa mapato na kufichwa machoni mwa watu kwa kosa la wachache, akaadhibiwa asiye na hatia pamoja na mkosaji.

Hebu tutazame walivyopinga. Hawakurusha jiwe. Walifunga mlango wao wenyewe, wakawahimiza wasomaji wazungumze na wajumbe wao. Watu zaidi ya milioni 8 walitafuta anwani za wajumbe hao kwa njia ya Wikipedia. Tarehe 20 Januari miswada ikaahirishwa, wala haikupitishwa tena.

Ndugu zetu, dini yetu imetufundisha kushauriana, na kukataza maovu kwa hekima. Basi yatupasa tujihesabu majumbani mwetu. Baba anayewaadhibu watoto wote kwa kosa la mmoja, je, amefanya uadilifu? Na sisi tunaochukia sheria ya dhuluma, je, hatunakili mawaidha na vitabu vya masheikh tukaviuza bila ya idhini yao? Kupinga sheria mbovu hakumhalalishii mtu wizi. Mwenye kudai haki kwa watu, na aanze kuitoa iliyo mkononi mwake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kutenda haki. Amin.