AMONIA: MBOLEA INAYOTAFUTA MAJI

Wahenga walisema kizuri hakikosi ila. Naona msemo huu unaifaa sana amonia.

Wanafunzi wenzangu, amonia mnaijua. Ukifungua nyumba ya kuku ambayo haijafagiliwa kwa majuma mawili, ile harufu inayochoma pua mpaka machozi yakutoke, ndiyo hiyo! Sasa fikirieni tangi zima.

Mmea haustawi bila naitrojeni. Mwaka wa 1913, kule Oppau nchini Ujerumani, kiwanda cha kwanza kilianza kuunda amonia kwa njia ya Fritz Haber na Carl Bosch, yaani kuunganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni. Mbolea tunazonunua kwa magunia hapa Kenya, kama vile CAN, DAP na yurea, zote hutokana na amonia. Lakini Marekani, hasa majimbo ya Iowa na Illinois yanayolima mahindi kwa wingi, wakulima wengi huitumia amonia yenyewe. Sababu ni hesabu tu: kilo 100 za amonia zina kilo 82 za naitrojeni, ilhali kilo 100 za yurea zina 46 peke yake.

Je, hutumiwaje? Amonia huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sufuri, kwa hivyo hutiwa tangini kwa shinikizo kubwa ili ibaki kiowevu. Trekta hulivuta tangi shambani, na visu vya chuma hupasua udongo na kuiingiza chini kama sentimita 15 hadi 20. Humo hushikwa na unyevu isitoroke.

Hapo ndipo penye hatari. Amonia hutafuta maji popote yalipo, na mwili wa binadamu umejaa maji. Mpira wa tangi ukipasuka, lita moja ya kiowevu hugeuka zaidi ya lita 800 za gesi. Gesi hiyo hukimbilia macho, koo na mapafu, na kuyachoma. Si mzaha. Mnamo Aprili 2019, huko Beach Park, Illinois, matangi yaliyovutwa na trekta yalivuja barabarani na makumi ya watu wakapelekwa hospitalini. Septemba 2023, katika jimbo lilo hilo, lori la amonia lilipata ajali karibu na Teutopolis na watu 5 wakafa.

Basi mtu afanyeje? Anayeishughulikia avae glavu na miwani ya kukinga macho. Wingu likionekana, usilikaribie. Kimbia upande ambao upepo hauipeleki gesi. Ikikupata, jioshe kwa maji mengi kwa dakika 15 au zaidi, macho yakiwa wazi, kisha uende hospitalini. Usijipake mafuta kwanza.

Labda mwenzangu atasema, "Ati hayo ni ya Wamarekani!" La. Duniani kote viwanda vingi vya barafu na vyakula hupozwa kwa amonia hii hii, na huenda kesho wewe ukaajiriwa humo. Tahadhari kabla ya hatari.