Amplifaya ya Msikiti: Izimwe au Iachwe Ikiwaka?

Ndugu wanafunzi, baadhi yenu mmetuuliza kama amplifaya ya adhana izimwe baada ya kila sala au iachwe kutwa kucha. Wanaotaka iachwe wana hoja: umeme unaoingia kwa nguvu wakati wa kuwasha huchosha vifaa vya ndani. Ni kweli, lakini mara tano kwa siku si nyingi kwa amplifaya ya transista. Adui mkubwa ni joto. Kapasita zenye majimaji ndani hukauka kidogo kidogo, na joto likizidi kwa nyuzi 10 za Selsiasi umri wake hupungua takriban nusu. Tena umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, huikuta imewaka.

Tupige hesabu. Amplifaya inayokula wati 40 bila mtu kusema hufikia karibu uniti 29 kwa mwezi. Ikiwashwa saa 3 tu kwa siku, uniti 4 hazifiki. Na wanaolipa ni waumini!

Sisi tunaona izimwe. Mkiwasha, tangulizeni miksa, amplifaya iwe ya mwisho, mkizima, ianze amplifaya, spika zisipigwe na ule mshindo wa "pu!". Na kile kitambaa cha kuzuia vumbi kiondoeni kwanza, kisizibe matundu ya hewa.