ATOMU: MNA NINI NDANI YAKE?

Wasikilizaji wangu, mtu aendaye sokoni kununua nazi haruhusiwi na mwenye mali kuivunja kabla hajailipia. Basi hufanyaje apate kujua kama ni njema au ni mbovu? Huishika mkononi apime uzito wake, huigonga kwa ukucha, kisha huitikisa karibu na sikio asikie maji. Hajaona kitu cha ndani hata kidogo, walakini hurudi nyumbani na nazi njema. Jicho halikufika ndani, bali akili imefika.

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya atomu, yaani zile chembe ndogo mno ambazo vitu vyote tuvishikavyo vimejengwa kwazo. Katika vitabu vya shule mwanafunzi huonyeshwa picha: duara ndogo katikati, na vitone vikiizunguka. Huambiwa, "Hii ndiyo atomu," naye huikariri apate kujibu mtihani. Lakini mwanafunzi mwenye kufikiri hujiuliza moyoni: Ni nani aliyeingia humo akaona? Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jawabu. Jawabu lenyewe ni hili: wale waliogundua umbo la atomu hawakuiona. Walifanya kama afanyavyo mnunuzi wa nazi.

Kwanza tufahamu neno lenyewe. Chukua kipande cha dhahabu, ukikate nusu, na ile nusu uikate nusu tena, uendelee hivyo hivyo. Mwisho utafika kwenye chembe ambayo ukiivunja, kinachobaki si dhahabu tena. Chembe hiyo ndiyo atomu ya dhahabu. Udogo wake wapita fikira: katika urefu wa milimita moja zaweza kupangwa mstari atomu za dhahabu zaidi ya milioni 3.

Neno "atomu" latoka katika lugha ya Kiyunani, na maana yake ni kitu kisichokatika. Miaka 2,400 hivi iliyopita Myunani mmoja, jina lake Democritus, alifundisha kwamba vitu vyote ni chembe za namna hiyo. Lakini yeye alisema kwa kuwaza tu, hakuwa na kipimo. Mwanzoni mwa karne ya 19 mwalimu mmoja wa mji wa Manchester katika Uingereza, John Dalton, aliitazama mizani. Vitu huungana kwa kadiri maalumu isiyobadilika. Katika maji, kwa mfano, kila ratili 1 ya haidrojeni imeungana na ratili 8 za oksijeni. Ukiongeza haidrojeni zaidi, ile ziada hubaki peke yake. Dalton akasema kwamba mambo hayo yaeleweka kwa urahisi ikiwa kila kitu kimefanywa kwa chembe, na chembe za namna moja zina uzito wake maalumu.

Kwa muda wa miaka mingi watu waliidhani atomu kuwa kama gololi ndogo ngumu isiyo na kitu ndani. Lakini mwaka 1897 J. J. Thomson, mtaalamu wa Cambridge, aligundua chembe nyepesi kuliko atomu yo yote, nayo hutoka katika atomu za kila namna. Chembe hiyo ndiyo elektroni, na ina umeme. Hapa yafaa tukumbuke kwamba umeme ni wa namna mbili, chanya na hasi. Chanya na hasi huvutana. Chanya na chanya hufukuzana, na hasi na hasi vile vile. Elektroni ina umeme hasi. Kwa kuwa atomu nzima haina umeme wa kuzidi upande wo wote, Thomson aliona hapana budi mna umeme chanya pia ndani yake. Akaifananisha atomu na kitu kama tikiti maji: ule umeme chanya ni nyama ya tikiti iliyoenea kote, na elektroni ni mbegu zilizotawanyika ndani yake.

Ilikuwa fikira nzuri. Ilibaki kuigonga nazi na kusikiliza.

Aliyeigonga ni Ernest Rutherford, mtoto wa mkulima wa New Zealand, ambaye tangu mwaka 1907 alikuwa mwalimu mkuu wa elimu ya asili ya vitu katika chuo kikuu cha Manchester. Rutherford alijua kwamba madini kama radiamu hutoa chembe ziendazo mbio sana, yapata maili 10,000 kwa sekunde moja. Chembe hizo huitwa alfa, nazo zina umeme chanya. Akazifanya kuwa mawe yake ya kurushia. Shabaha yake ilikuwa bamba la dhahabu, kwa maana dhahabu, kama ajuavyo kila sonara, hukubali kufuliwa ikawa nyembamba mno kuliko karatasi yo yote.

Kazi hiyo aliwapa watu wawili: Hans Geiger, Mjerumani, na Ernest Marsden, mwanafunzi ambaye mwaka 1909 alikuwa na umri wa miaka 20 tu. Waliweka kipande cha kioo kilichopakwa unga wa zinki na kiberiti. Kila alfa ilipokipiga kioo, palitokea kimulimuli kidogo sana, nacho kilionekana kwa hadubini tu. Hapakuwa na mashine ya kuhesabu. Iliwapasa kukaa gizani muda mrefu mpaka macho yao yazoee, kisha kutazama na kuhesabu vimulimuli kimoja kimoja, saa baada ya saa.

Kama atomu ingekuwa tikiti, alfa zote zingepenya bamba na kutoka upande wa pili, labda zikipinda kidogo tu. Na kweli, karibu zote zilipenya kana kwamba hapana kitu. Ndipo Rutherford alipomwambia kijana Marsden atazame kama ziko zinazorudi nyuma. Yeye mwenyewe hakutazamia kwamba angeziona. Marsden akatazama, akaziona. Walipotumia bamba la platini, yapata alfa moja katika kila 8,000 iligeuka ikarudi ilikotoka. Rutherford alisema baadaye kwamba alistaajabu kama mtu aliyepiga mzinga kwenye karatasi laini, na risasi ya mzinga ikarudi ikampiga yeye.

Sasa, msikilizaji, tufikiri pamoja naye. Ni kitu gani kilichoirudisha alfa? Haikuwa elektroni, maana alfa ni nzito kuliko elektroni zaidi ya mara 7,000, na nzi hawezi kulirudisha gari la moshi. Wala haukuwa umeme chanya uliotawanyika, kwa kuwa nguvu iliyotawanyika ni dhaifu kila mahali. Basi hapana budi umeme wote chanya, pamoja na karibu uzito wote wa atomu, umekusanyika mahali pamoja padogo sana. Alfa ikipita mbali na mahali hapo, haisikii kitu. Ikipaelekea hasa, chanya hufukuza chanya, nayo hurudi. Na kwa kuwa ni moja tu katika maelfu iliyorudi, mahali hapo ni padogo ajabu. Rutherford alitangaza hesabu zake mwaka 1911, na mahali hapo tunapaita kiini cha atomu.

Udogo wa kiini ni kama huu. Tuseme atomu moja ya dhahabu imekuzwa hata upana wake umekuwa sawa na urefu wa uwanja wa mpira. Kiini chake kingekuwa punje moja ya mtama iliyowekwa katikati ya uwanja. Lakini punje hiyo ingechukua zaidi ya sehemu 999 katika kila 1,000 za uzito wa atomu nzima. Uwanja uliobaki ni wa elektroni, nazo hazina uzito wa kutajwa.

Mtu aweza kuuliza: Kama vitu ni vitupu hivyo, mbona mkono wangu haupenyi meza? Ni kwa sababu elektroni za mkono na elektroni za meza hufukuzana, tena iko sheria ya asili inayokataza elektroni mbili kuwa katika hali moja kabisa. Kwa hiyo ugumu wa meza ni nguvu ya kukataza, kama mlinzi mlangoni. Si kwamba nyumba imejaa.

Lilikuwako tatizo jingine. Ikiwa elektroni yavutwa na kiini, mbona haikiangukii? Mwaka 1913 Niels Bohr wa Denmark, aliyekuwa amefanya kazi pamoja na Rutherford, alisema kwamba elektroni hukaa katika ngazi maalumu tu, wala haiwezi kusimama kati ya ngazi na ngazi, kama vile mtu apandaye minazi hukanyaga penye vidato tu. Fikira ya ngazi imethibitika. Lakini wanafunzi na wajue kwamba ile picha ya vitone vizungukavyo katika njia za duara si kweli kamili. Tangu mwaka 1926 wataalamu hueleza kwamba elektroni haina njia moja iwezayo kuchorwa. Lililopo ni kama wingu kukizunguka kiini, na penye wingu zito ndipo elektroni iwezapo kupatikana zaidi.

Na kiini chenyewe kina nini? Mwaka 1919 Rutherford alitangaza kwamba alipiga hewa ya naitrojeni kwa alfa, zikatoka chembe zenye umeme chanya, nazo huitwa protoni. Mwaka 1932 James Chadwick akagundua nyutroni, yenye uzito karibu sawa na protoni, ila haina umeme. Idadi ya protoni ndiyo ukoo wa atomu. Haidrojeni ina protoni 1, kaboni 6, oksijeni 8, chuma 26, shaba nyekundu 29, dhahabu 79, na urani 92. Ukiongeza au kupunguza nyutroni, atomu hubadilika uzito lakini haibadiliki ukoo. Ukibadili protoni, imekuwa kitu kingine.

Hapo twafahamu kwa nini watu wa kale walioyeyusha shaba mwaka baada ya mwaka wakitaka igeuke dhahabu walipoteza kuni zao bure. Moto wa tanuri huzigusa elektroni za nje tu. Kiini hakisikii hata joto lake.

Walakini kiini chaweza kuvunjwa kwa njia nyingine. Mwisho wa mwaka 1938 wataalamu wa Ujerumani, Otto Hahn na Fritz Strassmann, waliipiga urani kwa nyutroni, na Lise Meitner na Otto Frisch wakaeleza kwamba kiini chake kilikuwa kimepasuka vipande viwili, kikatoa nguvu nyingi sana. Jambo hilo si la nchi za mbali tu. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani katika kazi yao ya siri wakati wa vita ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga ya Kongo, na wachimbaji wa huko hawakuambiwa inakwenda kufanya nini. Tarehe 6 Agosti 1945 mji wa Hiroshima uliangamizwa kwa bomu moja. Maarifa yale yale ya kiini leo huwapa watu umeme wa majumbani, na katika hospitali hutumika kupiga vita ugonjwa wa saratani. Elimu ni kama kisu: hakichagui kitakata nini, mshikaji ndiye achaguaye. Kwa hiyo haifai elimu hii ikae kwa watu wachache, na wengine wachimbe tu.

Tangu mwaka 1981 kimekuwapo chombo kiwezacho kupapasa atomu moja moja juu ya kitu na kuchora mahali zilipo. Lakini kwa kujua mambo ya ndani zaidi, njia ya Rutherford haijaachwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Stanford katika Marekani, wataalamu walizirusha elektroni kwenye protoni, wakatazama zilivyopinda, wakatambua kwamba protoni nayo ina chembe nyingine ndani yake, ziitwazo kwaki. Nazi ndani ya nazi.

Nanyi wanafunzi mwaweza kuijaribu kazi hii bila radiamu wala dhahabu. Mmoja na aweke kitu chini ya ungo ulioinuliwa kidogo juu ya mawe, wenzake wasione. Kitu hicho kiwe kigumu na kizito, kama tofali au kinu kidogo. Wengine na waviringishe gololi kutoka kila upande, waandike ipi ilipita, ipi ilipinda, na ipi ilirudi. Kisha wachore umbo la kile kitu kabla ungo haujafunuliwa. Mtaona kwamba gololi chache zilizorudi zimewafundisha zaidi kuliko nyingi zilizopita.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Ile picha ndogo katika kitabu chenu iliundwa na watu waliokaa gizani wakihesabu vimulimuli, na mmoja wao alikuwa mwanafunzi kama ninyi. Msiikariri tu. Ulizeni imejulikanaje.