Kwa nini picha yako ya ndege imerudishwa

Anayesubiri basi Mkata, kwenye barabara ya Chalinze hadi Segera, akisikia mvumo angani anaweza kufungua Flightradar24 kwenye simu na kuijua ndege kabla haijapotelea upande wa Korogwe. Mstari ulionyooka kati ya Dar es Salaam na Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA) haupiti mbali na hapo. Akibofya alama ya ndege, picha yake hutokea: twiga wa Air Tanzania mkiani, namba za usajili zinazoanza na 5H zikisomeka wazi. Picha hizo hutoka JetPhotos, hazina inayojazwa na wapigapicha wa dunia nzima, na kila moja hupita kwanza kwa wakaguzi wa kujitolea. Kurudishiwa picha ni jambo la kawaida, hata kwa wazoefu.

Mgeni hukasirika, maana nyumbani wote wameisifu. Lakini mkaguzi haangalii zaidi kama picha inapendeza. Anaangalia kama inafaa kuwa kumbukumbu ya ndege fulani, siku fulani, mahali fulani, na kama itafanana kwa ubora na maelfu ya wenzake. Ndiyo maana anapima mambo ambayo jicho la kawaida huyapita: je, ndege imekaa katikati ya fremu, bawa halikukatwa ovyo, hakuna nguzo ya uzio mbele ya pua?

Unyoofu nao huwakwaza wengi. Usinyooshe picha kwa kufuata mlima. Miteremko ya Meru nyuma ya KIA, au safu ya Usambara, itakudanganya, na hata barabara ya kurukia inaweza kuwa na mwinamo. Fuata kitu kilichosimama wima karibu na katikati ya picha: nguzo ya taa, ukuta wa jengo, mnara wa kuongozea ndege.

Adui mkubwa kwetu, hata hivyo, ni jua. Tuko karibu nyuzi 6 hadi 7 kusini mwa Ikweta, na mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba jua la mchana hupita utosini. Mgongo wa ndege huungua kwa weupe huku tumbo likiwa jeusi, na picha hurudi na neno moja: mwanga. Kisha lami ikishachemka, hewa iliyo juu yake huupinda mwanga huku na huku, mistari ya madirisha ikaanza kucheza kama nguo kwenye kamba. Wengi hudhani ni lenzi mbovu, wakanunua nyingine ndefu zaidi, na tatizo likaongezeka, kwa sababu sasa wanapiga kutoka mbali zaidi kupitia hewa ileile. Kuinoa picha kwenye kompyuta nako hakusaidii. Kunaleta kingo nyeupe kuzunguka mkia, na hiyo ni sababu nyingine ya kukataliwa. Dawa ni asubuhi na mapema, au jioni, na kusogea karibu. Uwanja wa Julius Nyerere una barabara ya kurukia iendayo kaskazini-mashariki hadi kusini-magharibi, kwa hiyo asubuhi mwanga mzuri uko upande wa kusini-mashariki na jioni huhamia upande wa pili. Aliyeko Mkata naye asubiri ndege ifike juu ya kichwa. Ikiwa imeinamia upeo wa macho, anaipiga kupitia hewa nyingi mno.

Vumbi lililoingia kwenye kamera huonekana kama madoa hafifu angani. Mkaguzi huyafichua kwa kukuza utofauti wa rangi hadi anga lote lichafuke. Fanya hivyo wewe kwanza. Kwa Q400 na ATR, ambazo ni nyingi kwetu, kasi ya 1/250 ya sekunde au chini yake huonyesha rafadha zikizunguka. Ukienda kasi sana, ndege itaonekana imezimika hewani.

Kuna jambo ambalo kanuni hizi hazilijui. Manchester, Uingereza, ina bustani iliyojengwa kwa ajili ya watazamaji wa ndege. Huku uwanja wa ndege ni eneo la ulinzi, na mwenye lenzi ndefu kando ya uzio atahojiwa. Omba ruhusa kwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege kabla ya kutoa kamera. Sidai viwango vishushwe kwa sababu hiyo, ila naona ni haki mkaguzi akumbuke kwamba picha ya ndege ndogo iliyotua mkoani huenda isipatikane tena.

Kwa picha za zamani, kwa kweli, hulegeza. Mwenye picha ya karatasi ya Super VC10 ya East African Airways, shirika lililokufa mwaka 1977, atavumiliwa chenga na rangi iliyofifia. Asikisie usajili tu: shirika hilo lilitumia 5H, 5X na 5Y kwa ndege za aina ileile, na 5H-MMT ikiandikwa badala ya 5H-MOG, picha itarudi hata ikiwa safi kiasi gani. Jibu likimwonea, anaweza kukata rufaa akieleza kwa ufupi, na picha itaangaliwa upya.