Mtoto njiti na siku tatu za kwanza

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba tunamwita njiti. Wengi tunajua kwamba baridi inamwandama na kunyonya kunamshinda. Habari ya ubongo wake husemwa kwa nadra, nayo ndiyo sababu manesi wanakukataza kumgeuzageuza.

Wewe mtu mzima ukikimbilia foleni ya mgao, presha ya damu hupanda. Ukiinuka ghafla kitandani, hushuka. Hata hivyo ubongo wako hupata damu kiasi kilekile, kwa sababu mishipa yake hujibana presha inapopanda na hujipanua inaposhuka. Ni kama kuna mtu kasimama kwenye koki, anafungua na kufunga kidogo kidogo. Kwa njiti, mtu huyo bado hajaizoea kazi. Presha ikipanda, damu huingia kichwani kwa nguvu. Ikishuka, ubongo hukosa damu. Unajua maji yanavyofunguliwa bombani kwa kishindo, mpira mwembamba ukapasuka.

Na njiti ana mpira mwembamba kweli. Ndani kabisa ya ubongo wake kuna sehemu yenye mishipa laini mno, ambayo huisha yenyewe mimba inapokaribia wiki 34. Aliyezaliwa kabla ya wiki 32 ndiye yuko hatarini zaidi. Mishipa hiyo ikipasuka, damu huvuja ubongoni, na mara nyingi hutokea ndani ya siku 3 za kwanza. Ikivuja kidogo, mtoto anaweza kupona vizuri. Ikivuja nyingi anaweza kufa, kupata maji kichwani, au kubaki na ulemavu wa viungo. Si uchawi, wala mama hakulaaniwa.

Presha hutikiswa na kilio kirefu, baridi, na kushikwa kwa nguvu. Pia njiti husahau kupumua. Hewa chafu ikajaa kwenye damu na mishipa ya ubongo ikatanuka. Kwa hiyo ukimbadilisha nepi usimnyanyue miguu juu, mgeuze ubavu taratibu. Kichwa kikae sawa na mwili, shingo isipinde, damu ipate kurudi kutoka kichwani. Nanyi bibi zetu, mikono yenu tunaihitaji, ila kumkanda kichwa na kumtikisa ili alie, tunawaomba muache.

Mahali pake pazuri ni kifuani, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani. Njia hii ya kangaruu ilianzishwa na daktari Edgar Rey huko Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 kutoka Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulionyesha kwamba watoto wadogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vyao vilipungua kwa robo hivi. Kifua cha baba nacho kina joto. Anayesema ni aibu kwa mwanaume, mimi simwelewi.

Kinga kubwa huanza kabla mtoto hajatoka. Mama mwenye mimba ya wiki 24 hadi 34 anayeelekea kujifungua anaweza kuchomwa sindano hospitali, inayokomaza mapafu ya mtoto na kupunguza kuvuja damu kwenye ubongo. Inahitaji muda kufanya kazi. Uchungu ukianza mapema au chupa ikipasuka, usingoje kupambazuke. Mtoto akitoka, mkunga akisubiri angalau dakika 1 kabla ya kubana kitovu, usidhani anazembea. Damu inayoingia humsaidia mtoto.

Ukijifungulia nyumbani, mweke kifuani hivyohivyo, jifunikeni pamoja, mwende hospitali. Akiacha kupumua, akipauka au kuwa wa bluu, akilegea, akipata degedege au utosi ukivimba, mwambie nesi palepale. Usipopata gari la wagonjwa, gonga mlango wa mhamasishaji wa afya aliye karibu nawe, hata kama ni saa nane usiku.